Msiba Hauna Mwaliko

Siku chache baada ya kumzika mama, niliamka asubuhi nikavaa viatu na kutoka bila kujua naenda wapi. Wanaonijua hawashangai. Tangu nilipoacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba, nimekuwa mtu wa kutoka tu. Miji nimeiona mingi, kazi nimezishika nyingi zisizo na jina, na kila nilipofika nilikuta jambo la kuuliza. Asubuhi ile nilipanda tuktuk mpaka Makupa, nikashuka, nikafuata miguu. Miguu ikanipeleka Kuze, mtaa wa Mombasa nilikozaliwa.

Kabla sijaona chochote nilisikia harufu. Vitunguu vilikuwa vinakaangwa kwa samli, vingi, kwa kiasi ambacho hakuna familia moja inayoweza kukimaliza, na juu yake udi. Mwanamke aliyekunja mikono ya buibui lake alitokeza mlangoni akanipungia.

"Ingia, dada. Wanawake wako ndani."

"Kuna nini?"

"Shughuli."

"Shughuli gani?"

Akanitazama kama niliyemuuliza maji ni nini. "Shughuli tu. Wewe ingia ule."

Sikuingia. Nilisimama chochoroni mpaka moshi ukanitoa machozi, au nikasema ni moshi. Mpaka leo sijui kama mle ndani alikuwamo bibi harusi au walikuwa wanamsomea maiti hitima.

Maneno ya mikusanyiko yamenichezea sana katika kuhangaika kwangu. Nairobi, nilipokuwa naosha vyombo katika hoteli moja, wenzangu waliniambia Jumamosi kuna sherehe. Nikapiga pasi buibui langu zuri, nikabeba sahani ya mahamri, nikafika na kukuta makreti ya bia na muziki unaotikisa madirisha. Waliyala mahamri yote, tena wakaniuliza kama ninayo mengine. Dar es Salaam waliniita kwenye mnuso, na mimi nikadhani ni mambo ya tumbaku. Kumbe ni kula tu mpaka mkanda ulegee. Tanga niliambiwa kuna ngoma, nikaenda nimejipamba nikitaka kucheza, nikamkuta mgonjwa amefunikwa shuka jeupe na watu wanamwita pepo wake apande. Hata kwetu Mombasa, kijana akisema anakwenda maskani, mama yake husimama kidogo na sahani mkononi, maana kuna maskani za kubishania mpira na kuna maskani ambazo mtu hutoka akiwa hajui hata jina lake. Nimejifunza kuuliza kwanza: nivae nini, nije na nini, na huko watu watacheza au watalia?

Lakini neno la kwanza kulijua lilikuwa hilo la shughuli. Nililijulia pale pale Kuze, na sikuwa peke yangu katika kulielewa vibaya. Mama naye hakulielewa, na yeye alikuwa mtu mzima.

Baba alikuwa fundi wa cherehani. Hakushona nguo, alitengeneza mashine zenyewe. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kilinuka mafuta ya mashine na uzi uliochakaa, na yeye hukaa humo ameinamisha sikio juu ya gurudumu, analizungusha taratibu kama anayesikiliza siri. Nyumba ilikuwa ya ukoo wao tangu zamani. Mama alitoka Kaloleni, Mgiriama, akasilimu alipoolewa akapewa jina la Mwanaisha. Jina hilo alilitumia baba peke yake. Kwa mtaa mzima yeye alikuwa mke wa fundi, au, wakidhani hatusikii, yule Mgiriama wa fundi. Sitasema walikuwa watu wabaya. Walimsalimu kila asubuhi, wakamuuliza hali mpaka ya kuku. Waliishiwa chumvi wakatuma watoto kwetu. Ila hawakumwalika.

Siku hizo hakukuwa na kualikana kwa simu. Mwenye shughuli, iwe harusi, iwe maulidi, iwe kumtoa mtoto nje, alimtuma mualikaji apite nyumba kwa nyumba. Wa Kuze alikuwa Bi Salma, mwanamke mnene mwenye sauti iliyofika jikoni bila kuinuliwa. Hakuandika kitu. Alisimama mlangoni, hakukaa, hakunywa maji, akasema: "Bi fulani awasalimu sana. Awaalika shughuli yake Alhamisi baada ya laasiri, inshallah. Msikose." Kisha huyo, mlango wa pili. Mimi nilizijua ndara zake. Nikizisikia zinakuja nilikwenda kukaa nyuma ya mlango, nimejiweka sawa, nguo nimeivuta magotini. Ndara zilisimama kwa jirani wa kushoto. Zikasimama kwa jirani wa kulia. Mbele ya kwetu zilikwenda mbio kidogo.

"Mbona hatuiti?" nilimuuliza mama.

"Labda amejisahau."

Baba alisema kutoka kwenye mashine, bila kuinua kichwa, "Watu wana mambo yao, mwanangu. Sisi tuna yetu."

Siku moja nilishindwa kustahimili. Nikafungua mlango nikatoka mbio. "Bi Salma! Mmeruka mlango wetu!"

Akageuka. Wanawake wawili waliokuwa kibarazani wakaziba midomo kwa kanga. Bi Salma hakucheka. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akinuka tambuu na karafuu.

"Ewe mwana, mimi ni miguu tu. Kichwa kiko kwa mwenye shughuli."

Mama alinivuta ndani kwa mkono, akafunga mlango, akarudi kuchagua mchele. Hakunigombeza. Alichagua mchele ule mpaka nikaona anatupa hata mzima.

Kwenye misiba ilikuwa tofauti. Msikiti ukitangaza kifo, hata kabla jina la marehemu halijamalizika kutajwa, mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni na ametoka. Alikwenda kwa kila mtu, anayemjua na asiyemjua. Aliosha masufuria, aliteka maji, alimenya vitunguu. Alirudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji, ananuka majivu na samli, na uso umetulia kwa namna ambayo sikuiona siku nyingine.

"Walikualika?" nilimuuliza mara moja.

"Huko haalikwi mtu."

Basi nikafikiri hivi: shughuli ziko za aina mbili, kubwa na ndogo. Kubwa huingia wenyewe wa mtaa. Ndogo ni zile za kufa mtu, na hizo huachiwa watu kama sisi.

Baba alifariki asubuhi ya kiangazi, kwenye kiti chake. Alikuwa ameweka kichwa juu ya cherehani, na kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote, mama alipita mara mbili na ndoo kabla ya kumshika bega. Yaliyofuata nayakumbuka kwa vipande. Mlio wa mama, ambao sikujua kuwa anao. Miguu mingi ya wanaume. Halafu akaingia Shangazi Zainabu, dada yake baba, mwanamke mrefu aliyezoea kutiiwa, akaanza kutoa amri huku machozi yanamtiririka bila yeye kuyajali.

"Vitanda vitoke. Mikeka yote ije hapa. Nani ana sufuria la kupikia watu? Shughuli kubwa hii, jamani, msisimame!"

Nilisikia hilo moja tu. Shughuli kubwa. Yetu.

Nikatoka chochoroni nikipiga kelele. "Kwetu kuna shughuli! Kwetu kuna shughuli!" Ajuza mmoja aliyekuwa akija alinikamata, akanibana kifuani akalia kwa kwikwi. Mimi sikuona ajabu. Nilikwisha kuona wanawake wanavyolia bibi harusi akitolewa.

Wakaja wote. Wote, wale ambao ndara za Bi Salma zilisimama kwao na wale waliomtuma. Walioikwepa nyumba yetu miaka yote walikuwa sasa jikoni, wanauliza chujio liko wapi, wanajibizana juu ya chumvi. Bi Khadija wa nyumba ya pembeni, ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti chetu, alikaa karibu na mama na bakuli la uji. "Mwanaisha," alimwambia, "kunywa kidogo, mwenzangu. Funda moja tu." Mwanaisha! Niligeuka kumwangalia baba nione kama amesikia jina hilo katika mdomo wa mtu mwingine.

Walikuwa wamenionyesha uso wake. Nilijua amekufa. Lakini nyumba ilikuwa imejaa, nilipakatwa na wanawake wenye bangili, nilipewa halua, watoto walinigombea nikae nao, na ndani ya kichwa changu mambo hayo mawili hayakukutana. Nilidhani baba ndiye aliyetufanyia haya. Kwamba alikwenda mahali akasema na watu, wakakubali.

Matanga yakaanuliwa siku ya tatu. Wakikunja mikeka, kila mmoja alimshika mama mkono. "Tuko pamoja." "Hapa ni kwenu, usione haya." "Ukitaka lolote, gonga ukuta." Kisha nyumba ikanyamaza, na mama akaanza kukaa eda.

Mjane wa kwetu hatoki mpaka eda yake, miezi minne na siku kumi, iishe. Mama alikaa chumba cha ndani, kanga yake haina rangi, na kwa miezi hiyo yote mazungumzo yake yalikuwa ya jambo moja: siku ya kutoka. Siku hiyo angefanya hitima ya baba na kuwalisha watu, awashukuru. Alinipangia kwa kidole nani atakaa wapi. Bi Khadija pale penye upepo. Mwenye mguu mbaya karibu na mlango. Uso wake ulikuwa ukipata damu akisema hayo. Shangazi Zainabu, aliyekuwa akituletea chakula, alimsikiliza mara ya kwanza akiwa anakoroga chai.

"Ya nini, wifi? Msomee Fatiha. Yatosha."

"Walinijazia nyumba, wifi. Nitakaaje kimya?"

Shangazi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka kitambo.

Eda ilipoisha, Bi Salma aliitwa. Kwa mara ya kwanza ndara zile zilisimama mlangoni kwetu, na mimi nilikuwa nimezisubiri tangu alfajiri.

"Niwaite akina nani, mwanangu?"

"Wote waliokuja," mama alisema.

"Wote?"

"Wote, Bi Salma."

Mualikaji alijifunga buibui lake upya, jambo ambalo halikuhitajika. "Haya," akasema. Nikamsikia akisimama kwa jirani wa kushoto. Nikamsikia kwa jirani wa kulia. Sauti yake ilikuwa ile ile, na kwa mara ya kwanza ilitaja jina la mama: "Bi Mwanaisha awasalimu sana."

Mama alipika tangu usiku haujaisha. Pilau, mchuzi, achari ya ndimu, kaimati. Mikeka ilitandikwa mpaka ukumbini. Juu ya mto aliziweka juzuu thelathini za hitima, alizoazima msikitini, ili kila mwanamke achukue moja, na baada ya muda mfupi msahafu mzima uwe umesomwa kwa roho ya baba. Udi ukawashwa. Laasiri ikaadhiniwa.

Mlango tuliuacha wazi. Mtu alipita na kapu, akasalimu, akaenda zake. Paka aliingia akafukuzwa. Makaa ya chetezo yakafifia, mama akaongeza udi, yakafifia tena. Nilisikia Bi Khadija akicheka upande wa pili wa ukuta na mtu, kicheko cha kawaida tu cha mtu aliye kwake.

Akaja Bi Salma. Peke yake. Alivua ndara, akasema salamu kwa ukumbi mtupu kana kwamba umejaa, akaketi pale ambapo mama alikuwa amempangia Bi Khadija.

"Wengine wako njiani?" nilimuuliza.

"Nipe juzuu, mwanangu."

Akasoma. Mama naye alichukua moja, akaifungua, akaishika mbele ya macho. Kiarabu hakukijua vizuri. Alikuwa na sura zake chache za kuswalia. Aliishika tu, midomo imefumba. Mimi nilikuwa nimefika juzuu amma, ile ya mwisho, katika chuo cha Kurani, nikaitafuta katikati ya zile nyingine, nikasoma kwa sauti kubwa niliyofundishwa, na nilipokosea Bi Salma alinirekebisha bila kuacha kusoma ya kwake. Zilizobaki zilikaa juu ya mto. Halafu Bi Salma akala. Alikula sahani yote, akaomba nyingine, akasifu achari. Alipoondoka alimshika mama mikono yote miwili, na hakusema kitu, yeye ambaye kusema ndiyo ilikuwa kazi yake.

Shangazi Zainabu alikuja karibu na magharibi kuchukua masinia yake. Alisimama mlangoni akaiona mikeka.

"Hawakuja," mama alisema.

"Naona."

"Wana neno gani na mimi, wifi? Niambie. Nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu." Shangazi aliketi juu ya kizingiti, mwili wake mrefu ukawa mfupi ghafla. "Shughuli ya mtu huendewa na wale aliowahi kuwaendea. Wewe umewahi kwenda ya nani?"

"Sikualikwa hata moja."

"Basi, ndivyo hivyo."

"Misiba yao nilikwenda yote! Nimeosha vyombo vya Kuze nzima, mikono hii. Na wa kwangu walikuja, uliwaona. Walinishika mikono."

"Msiba hauna mwaliko, wifi. Kwa hiyo hauhesabiwi. Mtu akenda msibani amekwenda kwa Mungu wake, hakwenda kwako. Ulipokwenda kwao, hivyo hivyo. Walikuja kumzika ndugu yetu."

Mama alianza kukunja mkeka. "Ungeniambia."

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa ukisema habari ya siku hii ndipo unapokula. Usiposema, huli. Nikaona, wacha nisiseme. Nikadhani labda..." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akainuka na masinia yake.

Pilau lilipelekwa chuoni, watoto wakalishangilia. Mama aliosha vyombo mwenyewe, kimoja kimoja, akavipanga vikauke. Sikumsikia akilia. Asubuhi alifunga nguo zetu katika shuka, akampelekea shangazi ufunguo.

"Nyumba ni yako na mwanao," shangazi alimwambia. "Hakuna anayekufukuza."

"Najua, wifi."

"Warudi Kaloleni?"

"Kaloleni nilikwisha aga."

Tukatoka Kuze mchana kweupe, watu wakitusalimu na sisi tukiitikia. Sijui tulitembea kiasi gani. Nakumbuka tulipovuka Makupa na kufika Kibarani, wakati huo bado ni jaa, moshi wake unachoma koo na korongo wakubwa wamesimama juu ya taka kama wazee waliokosa pa kukaa. Niliuliza tunakwenda wapi. Mama alisema, "Mbele." Tukapanda kilima, tukapita matangi ya mafuta na malori, na kila palipokuwa na kivuli tulipumzika. Jioni tulifika Mikindani, mbele ya nyumba ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja. Wanawake walikuwa uani, mmoja anasuka nywele za mwenzake, mwingine anakaanga viazi. Maneno yao sikuyajua. Kitaita, Kikamba, Kijaluo. Mwenye nyumba, mama mfupi wa Kitaita mwenye funguo kifuani, alitutazama kuanzia shuka mpaka miguuni.

"Karibuni. Mwatafuta nani?"

"Chumba."

"Kimoja kipo, kile cha mwisho. Paa lavuja kidogo penye kona, nakwambia kabisa usije ukasema sikukwambia. Mko wangapi?"

"Mimi na huyu."

"Na mume? Yuko bandarini?"

Mwenye kusuka alisimamisha mikono yake. Mwenye viazi naye akageuka kusikiliza. Nilifungua mdomo, maana hilo nililijua na nilipenda kujibu maswali ya watu wazima, lakini mkono wa mama ulikwisha kunifika begani, ukanibana mpaka nikasikia mifupa yake.

Leo naelewa alichokuwa anakiona. Angesema tu neno lile, amekufa, viazi vingetolewa motoni. Wangemletea kigoda, wangemshika mikono, wangelia naye, watu wema wale, na jina lake wangelitamka vizuri. Yote hayo alikuwa anayajua, na alijua kwamba hayahesabiwi.

"Sina mume," akasema.

"Alikuacha?"

Mama alitazama chumba cha mwisho, mlango wake uliokuwa wazi. "Aliniacha."

"Wanaume hawa!" mwenye kusuka akasema, akacheka, akarudi kwenye nywele. Mwenye nyumba akatikisa kichwa, akachagua ufunguo mmoja katika zile za kifuani, akatangulia.

Tuliishi pale miaka mingi. Mama alialikwa, alikwenda, alialika, walikuja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kwamba kulikuwa na fundi aliyesikiliza cherehani kwa sikio lake, wala kwamba alizikwa. Lakini hayo yalikuwa bado hayajawa. Jioni ile nilisimama tu katikati ya ua, mkono wa mama begani, nikangoja mtu aseme habari za baba. Hakuna aliyesema. Mwenye viazi aligeuza viazi vyake. Na hapo ndipo, baada ya matanga na eda na hitima, nilipoanza kulia, na sikuweza kunyamaza.

"Mtoto kachoka," mwenye nyumba alisema akifungua mlango. "Mpe maji, alale."